Pedi Mbili, Timu Moja: Namna ya Kucheza Gemu za Kushirikiana Nyumbani

Nyumba nyingi zenye PS (PlayStation, mashine ya gemu) zina gemu moja tu inayochezwa kweli, nayo ni mpira. Wawili wanakaa, mmoja anafungwa nne, anampisha anayefuata. Kwa anayejua ni raha tupu. Kwa shangazi aliyekaa pembeni na kikombe chake cha chai ni kelele za watoto. Mwongozo huu ni wa nyumba inayotaka shangazi naye ashike pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akiwa upande mmoja na wenzake dhidi ya mashine.

Niseme mapema ninachokiamini, maana hatua zote zinakitegemea: gemu ya kushirikiana huchaguliwa kwa kumtazama asiyejua kuliko wote chumbani, na anayejua kuliko wote ndiye anayepewa kazi ya kuwatumikia wengine. Ukifanya kinyume chake, mtaalamu anacheza peke yake na wengine wanamfukuzia nyuma, na baada ya nusu saa kila mtu kashika simu yake.

Hatua ya 1: Anza na gemu iliyomo tayari kwenye mashine

Usikimbilie kununua. Ile gemu ya mpira unayogombania na mdogo wako inaweza kuchezwa na watu wawili timu moja. Ukifika kwenye ukurasa wa kuchagua upande, kila pedi ina alama yake katikati ya kioo. Sogezeni alama zote mbili upande mmoja, upande wa pili muuachie kompyuta. Shusheni ugumu hadi chini kabisa, bila aibu.

Mgeni mfundishe vitu vitatu tu: kijiti cha kushoto kukimbia, iksi kutoa pasi, duara kupiga (kwenye baadhi ya gemu ni mraba). Halafu weka sharti kwamba wewe unayejua huruhusiwi kufunga. Kazi yako ni kukaba, kupokonya na kumpelekea mwenzako mpira mbele ya goli. Utashangaa jinsi mechi ya kiwango cha chini inavyokuwa ngumu ghafla, na jinsi mtu ambaye hajawahi kushika pedi anavyoruka kwenye kochi akifunga goli lake la kwanza, hata kama kipa alikuwa amelala.

Hatua ya 2: Pedi, waya na akaunti

Pedi ya pili ndiyo gharama kubwa kuliko gemu yenyewe katika nyumba nyingi, kwa hiyo inunue kwa macho mawili. Madukani zimejaa za kuiga. Omba iunganishwe na mashine palepale, fungueni gemu yoyote, kisha iwekeni mezani bila kuigusa. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe, kijiti kimechoka, rudisha. Bonyeza kila kitufe, pamoja na vile viwili vya nyuma vinavyosahaulika.

Kuiunganisha nyumbani: ichomeke kwenye PS4 kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS cha katikati, subiri taa iwake. Ikikataa, kabla ya kulaumu pedi badilisha waya. Waya nyingi za bei rahisi zinapitisha chaji tu na hazipitishi mawasiliano, na hiyo ndiyo sababu ya malalamiko mengi ya “pedi mbovu”. Taa ya pedi ya PS4 inamtambulisha mchezaji: wa kwanza bluu, wa pili nyekundu, wa tatu kijani, wa nne pinki. Itumie. Kumwambia bibi “wewe ni nyekundu” kunaeleweka haraka kuliko “wewe ni mchezaji namba mbili”.

Pedi ya pili ikiwaka, mashine itauliza ni nani anayeitumia. Watu wengi huchagua mgeni na kuendelea. Kwa jioni moja haina neno, ila vitu vya mgeni hufutwa akitoka. Kama mna nia ya kuendelea na gemu wiki nzima, mfungulieni kila mtu jina lake kwenye mashine. Halidai kadi ya benki wala intaneti.

Tahadhari kwa wenye PS5: pedi ya PS4 inafanya kazi humo, lakini kwa gemu za PS4 tu. Gemu ya PS5 itaikataa. Usinunue pedi za zamani za bei nafuu kabla ya kujua utacheza nini.

Na TV nayo: tafuta kwenye mipangilio yake hali ya michezo, uiwashe. TV nyingi husafisha picha kabla ya kuionyesha, na kusafisha huko kunachelewesha. Mgeni anabonyeza, mchezaji anaruka baadaye, naye anadhani kosa ni lake.

Hatua ya 3: Chagua gemu kwa kuangalia kamera

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaangalia kama gemu ina picha nzuri au inazungumziwa sana. Mimi naangalia jambo moja kwanza: je, mchezaji analazimika kuzungusha kamera mwenyewe? Gemu nyingi kubwa za siku hizi zinataka kidole gumba cha kushoto kitembee na cha kulia kizungushe macho, kwa wakati mmoja. Aliyekulia na pedi hahisi kitu. Ambaye hajazoea ataishia kutazama ukuta au anga, na hilo ndilo linalomfanya aseme “haya mambo si ya umri wangu”. Umri hauhusiki hapo. Anza na gemu ambazo kamera inajiendesha.

Rayman Legends ni mlango mzuri. Inatoka kushoto kwenda kulia, inabeba hadi watu wanne kwenye kioo kimoja, na ukifa unageuka puto linaloelea. Mwenzako akilipiga, umerudi. Hakuna anayesubiri zamu yake kama bado kuna mmoja mzima.

Unravel Two ni ya wawili, na imetulia zaidi. Vijitu viwili vya uzi vimefungwa pamoja kwa uzi huohuo. Panapokuwa pagumu, mmoja anaweza kumpanda mwenzake wakawa kitu kimoja, akavushwa, kisha akashuka. Watengenezaji wameweka humo ndani ruhusa ya kubebwa, na mtu hahisi kwamba kanyang'anywa pedi.

Gemu za Lego ziko nyingi, na watoto wadogo wanazipenda kwa sababu kufa si kifo: unapoteza vipande ulivyookota, unaibuka palepale. Mtu anaweza kuingia na kutoka katikati ya mchezo, mtoto akienda kuoga mwingine anachukua pedi.

Angalia pia namba ya umri kwenye jalada la CD: 3, 7, 12, 16 au 18. Muuzaji hatakukumbusha.

Hatua ya 4: Ingieni jikoni

Nikitakiwa kutaja gemu moja tu kwa ajili ya familia, nitataja Overcooked. Ya kwanza ilitoka mwaka 2016, na baadaye ya kwanza na ya pili zikaunganishwa kwenye toleo moja linaloitwa Overcooked! All You Can Eat. Tafuta hilo la mwisho, kwa sababu lina hali ya msaada inayoongeza muda na kuwaruhusu mruke jiko (yaani hatua moja ya gemu) lililowashinda. Halafu, kwa ambaye hajapata pedi ya pili: gemu hii inaruhusu watu wawili kutumia pedi moja, mmoja kashika nusu ya kushoto na mwingine nusu ya kulia. Mnakaa mabega yakigusana, lakini mnacheza.

Kazi ni kupika. Oda ya supu ya vitunguu inatokea juu ya kioo. Mnachukua kitunguu kwenye kasha, mnakipeleka ubaoni, mnakikata. Vikifika vitatu sufuriani vinaiva, mnapakua kwenye sahani, mnapeleka dirishani. Sahani zinarudi chafu, mtu azioshe. Sufuria ikisahauliwa inaungua, moto unashika, na mtungi wa kuzimia moto daima uko upande asiokuwepo mtu. Kamera haisogei. Kitu pekee kinachohitaji ustadi ni kusemezana.

Msianze kwa kila mtu kufanya kila kitu. Kabla ya saa kuanza kuhesabu, gawaneni namna hii:

1. Asiyejua kabisa: kukata tu. Anasimama ubaoni, hatembei, analetewa.
2. Mwenye uzoefu kidogo: sufuria na kupakua. Huyu ndiye mwenye saa kichwani.
3. Mtaalamu: kubeba vitunguu, kuosha sahani, kuzima moto. Kazi za chini zote ni zake.

Mkipita jiko moja, zungusheni, isipokuwa huyo wa tatu. Yeye abaki kuosha vyombo mpaka wenzake waanze kumwambia wao cha kufanya.

Jambo la pili ni lugha. Sikiliza nyumba yoyote inayocheza gemu hii kwa mara ya kwanza:

“Bibi, sufuria ya kulia inaungua!”

“Kulia kwangu au kulia kwako, mjukuu wangu?”

“Ile! Ile pale!”

“Ile ipi, nawe unaniyumbisha tu?”

Hapo tayari pameshika moto. Tumieni sekunde chache za mwanzo kuyapa majina maeneo kwa vitu visivyohama: “ya dirishani”, “ya ukutani”, “ya mlangoni”. “Pale”, “hiyo” na “huku” vipigwe marufuku. Vitufe navyo viiteni kwa mahali vilipo: iksi ni cha chini, duara cha kulia, mraba cha kushoto, pembetatu cha juu. Anayetazama kioo hawezi kuinamia pedi kutafuta mraba, ila kidole chake kinajua kushoto ni wapi.

Kila jiko linatoa nyota, kwa kawaida hadi tatu. Mkiwa na wageni msirudie jiko kwa ajili ya nyota ya tatu. Hiyo ni tamaa ya mtaalamu, na aifuate usiku peke yake.

Hatua ya 5: Sheria za kochini

Sheria kubwa ni moja: maneno “lete nikupitishie” hayatamkwi. Mtoto wa miaka 10 anayemnyang'anya mama yake pedi kwa sekunde tano tu amemwambia, bila kusema, kwamba yeye ni mzigo. Mama atampa pedi mara hiyo na hataishika tena. Msaada upite ndani ya gemu: kulipiga puto lake, kumbeba, kumsubiri. Kama gemu haina njia ya kusaidiana humohumo, mmechagua vibaya. Rudini hatua ya tatu.

Watu wa pwani mtaelewa haraka, maana keram, ule mchezo wa kusukuma kete ubaoni kwa kidole, ikichezwa wawili wawili ni hivihivi: mwenzako akikosa humshiki mkono, unasubiri zamu yako urekebishe.

Kuhusu muda, kubalianeni mtasimama wapi kabla ya kuanza, na kipimo kiwe jiko au sura, si saa. “Tunacheza hadi saa moja” inazaa ugomvi, kwa kuwa saa moja itawakuta katikati ya hatari. “Majiko matatu, kisha kuoga” haina mjadala. Na umeme ukiwa wa kubahatisha, mjifunze gemu yenu inahifadhi lini. Ukiona kialama kinazunguka pembeni mwa kioo, mtu asiguse swichi.

Hatua ya 6: Gemu ndefu ya wawili

Wakishazoea, wapo watakaotaka hadithi. Kwa mume na mke, au ndugu wawili wakubwa, It Takes Two ndiyo inayotajwa kila mahali na kwa haki. Ilitoka 2021, na mwaka huohuo ikapewa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Haichezeki peke yako hata ukitaka. Kioo kimegawanyika, kila mmoja ana kifaa chake na kifaa chako hakina maana bila cha mwenzako: mmoja ana misumari ya kurusha ukutani, mwingine ana nyundo ya kuning'inia kwenye misumari hiyo.

Ila hapa kamera ni yako mwenyewe, ndiyo maana nimeiweka mwisho. Na hadithi yake ni ya wazazi wanaotaka kuachana na binti yao anayeumia. Namba yake ni 12. Kuna sehemu ya tembo wa kuchezea ambayo watu wazima wanaikumbuka kwa uchungu. Mtoto mdogo mweke mbali siku hiyo. Watengenezaji haohao, studio ya Hazelight, walitoa A Way Out mwaka 2018, nayo ni ya wawili, lakini ni ya wafungwa wanaotoroka gerezani na namba yake ni 18. Jina la studio lisikuchanganye.

Wasiopenda kurukaruka wajaribu Stardew Valley, shamba la kulima na kufuga, kwenye kompyuta au PS. Unapoanzisha shamba chagua vibanda vya wenzako, na utaulizwa swali ambalo ndoa nyingi hazijawahi kulijibu waziwazi: mfuko wa pesa uwe mmoja au kila mtu na wake? Mimi nasema mmoja, mjue mapema nani mnunuzi. Siku moja ya shambani ni kama dakika 14 za kweli, na gemu inahifadhi pale tu wote wanapolala. Kwa hiyo umeme ukikatika jioni ya shambani, siku hiyo mmeipoteza, mtaamka tena asubuhi yake. Mkisikia mawingu yananguruma, laleni mapema.

Hatua ya 7: Hamna PS? Simu zinatosha

Minecraft ya simu, gemu ya kuchimba na kujenga ulimwengu wenu, inanunuliwa mara moja kwa kila akaunti. Haihitaji bando kubwa kucheza pamoja mkiwa chumba kimoja: simu zote ziwe kwenye Wi-Fi moja, au mmoja awashe hotspoti, na toleo la gemu liwe lilelile kwa wote. Mwenye ulimwengu anauacha wazi kwa walio karibu, wenzake wanauona kwenye orodha. Yeye akitoka, wote wametolewa. Mpeni mwenye chaji nyingi.

Kwa wanaoanza weka hali ya amani, isiyo na mazimwi wala njaa, na kwenye mipangilio ya ulimwengu washa ile inayomwachia mtu vitu vyake akifa. Bila hiyo, mtoto akiangukia kwenye moto wa volkano na almasi zake, jioni imeharibika. Jengeni nyumba moja, sanduku moja katikati, kila mtu na kazi yake: mchimbaji, mkulima, fundi. Angalizo kwa wenye kompyuta: toleo la Java haliungani na la simu.

Hatua ya 8: Walio mbali

Kwenye PlayStation, kucheza mtandaoni gemu nyingi za kununua kunadai uanachama wa kulipia wa PS Plus, na kadi za zawadi (za kujaza pesa kwenye akaunti) lazima zilingane na nchi ya akaunti. Ulizeni hilo kabla ya kulipa. It Takes Two inasaidia kidogo: mmoja akinunua, mwenzake anapakua toleo la rafiki bila malipo na kualikwa, mradi wote wako kwenye mashine za familia moja, kwa maana PS na kompyuta haziungani humo. Upakuaji wenyewe ni mkubwa; tafuta Wi-Fi, usitumie bando la siku.

Kwa ndugu aliye Maskati na familia iliyo Tanga, mimi ningeanza na kitu chepesi zaidi: Keep Talking and Nobody Explodes, ya mwaka 2015. Mmoja tu ndiye anayenunua, kwenye simu, kompyuta au mashine. Yeye anaona bomu linalohesabu dakika na hajui namna ya kulitegua. Wengine wana kitabu cha maelekezo, kinachopatikana bure mtandaoni, kichapwe au kisomwe kwenye simu, lakini hawaruhusiwi kuona bomu. Kwa hiyo pigeni simu ya sauti, si ya video.

“Nyaya ngapi, mjomba?”

“Tatu. Bluu, nyeusi, bluu.”

“Hakuna nyekundu?”

“Hakuna.”

“Basi kata ya pili kutoka juu.”

Ndivyo kitabu kinavyosema: nyaya tatu, kama hakuna nyekundu, inakatwa ya pili. Ingekuwepo nyekundu, maswali yangeendelea, ya mwisho ni nyeupe? bluu ziko zaidi ya moja? Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo mpeni kijana wa sekondari asome kimoyomoyo na kuuliza kwa Kiswahili. Shangazi ashike kalamu aandike majibu, maana kuna sehemu zinazotaka kukumbuka alichosema mtu dakika moja iliyopita. Mzee ahesabu muda kwa sauti.

Tumieni spika ya simu ikiwa mezani, televisheni izimwe, na azungumze mmoja kwa wakati. Maskati iko mbele kwa saa moja: saa mbili usiku Tanga ni saa tatu kwake, naye huenda ana kazi asubuhi. Mkitaka bomu lihamie Tanga raundi ijayo, gemu itabidi inunuliwe na huku pia. Kitabu mtamtumia yeye kwa WhatsApp.